Mvule wa Mpakani

Ofisini walimwita Mama Nusu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kila mti mkongwe aliopelekewa kuupima, aliurudisha ukiwa umepoteza nusu ya umri wake. Meya aliwahi kusimika kibao cha shaba chini ya mkwaju wa bustani ya manispaa, kimeandikwa miaka mia tatu, akapigwa picha amelikumbatia shina kama bibi yake mzaa mama. Mama Nusu akaja na kekee yake, akatoboa, akahesabu, akasema ni mia na hamsini, tena hapo amewapendelea. Kibao kiling'olewa kimyakimya na meya hakumsalimia tena. Wanawake wa uhasibu wao walifurahi. "Njoo utuhesabu na sisi, shoga," walimwambia, "tukirudi nusu tutaolewa upya."

Siri ya kazi yake haikuwa kubwa. Watu wote wamefundishwa shuleni kwamba mti huongeza pete moja kila mwaka, na huko kwenye theluji ni kweli. Lakini penye mvua mbili kwa mwaka, ile ndefu na ile fupi, mti hunywa mara mbili na hukaukiwa mara mbili, na kila ukikaukiwa hujifunga pete. Pete mia ni miaka hamsini. Hilo hakulisoma mahali. Alikuwa akipigilia msumari mwembamba kwenye shina kila mwaka mpya ulipoingia, kwenye mikwaju na mivule, ya kilimani na ya kando ya maji, kisha akatoboa ubavuni mwa misumari hiyo kuona kilichoota kati ya mmoja na mwingine. Pete mbili. Kila mti, kila mwaka, pete mbili. Alifanya hivyo mpaka wakubwa zake wakachoka kubisha, ikawa ndiyo kanuni ya idara.

Watu hawapendi kupunguziwa. Wanasema mti hausemi uongo. Ni kweli, lakini mti hausemi kitu chochote; anayesema ni yule aliyeshika lenzi. Mama Nusu alilijua hilo, akajivunia kwamba lenzi ikiwa mkononi mwake hakuna wa kuipinda. Ukimuuliza unyofu huo kautoa wapi, atakwambia bila kufikiri: kwa baba.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na sifa yake mjini ilikuwa moja. Ukimpelekea kitambaa cha kushona suruali, atakurudishia suruali pamoja na vipande vyote vilivyobaki, vimekunjwa na kufungwa uzi. Nionyesheni fundi mwingine wa hivyo. Mafundi wenzake walimwona mwendawazimu, wateja wakamwona mtakatifu, na binti yake akakua akiamini kwamba duniani kuna mtu mmoja ambaye hawezi kuchukua cha mwenzake.

Lakini kulikuwa na mvule. Babu alipofariki aliacha kiwanja kirefu na wana wawili, fundi cherehani na mdogo wake, na aliwaambia wote wawili wakiwa wamesimama: mpaka wenu ni mvule nilioupanda mimi, huku wa mkubwa, kule wa mdogo. Hapakuwa na karatasi. Ilikuwa ndiyo desturi ya watu wa pale, mti ukipandwa mbele ya pande mbili ni shahidi, na shahidi wa namna hiyo hahongwi. Mwaka uleule baba mdogo akaenda kutafuta kazi migodini. Alirudi baada ya karibu miaka ishirini, mapafu yamejaa vumbi, akasimama mbele ya ule mvule akasema: huu siyo. Wa baba ulipigwa radi kabla sijaondoka. Ulikuwa hapa, hatua nyingi huku, kwenye hii sehemu mliyojenga jiko na chumba cha kulala. Nilikiacha kisiki chake.

Kisiki hakikuwepo. Wazee wakaitwa, wakauangalia mvule, wakaona shina nene na kivuli kipana, wakauliza nani mwingine anakumbuka. Mama, mke wa fundi cherehani, akaapa kwamba aliolewa akaukuta umesimama. "Asiyekuwepo na lake halipo," mzee mmoja akasema, na shauri likaishia hapo. Baba mdogo alikuwa akikieleza kisiki chake kwa kila aliyekaa naye, sokoni, kilabuni, kwenye foleni ya hospitali, mpaka watu wakampa jina hilo hilo: Kisiki. Alikufa kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Nduguye hakwenda kumzika. Yeye mwenyewe alifuata baada ya miaka michache, akazikwa nyuma ya nyumba, watu wengi mno.

Sasa mtoto wa Kisiki, mchomeleaji wa mageti na madirisha, alifukuzwa alikopanga karakana yake, akaenda baraza la ardhi kudai fungu la baba yake. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mwenye miwani na subira ndogo, alimuuliza ana ushahidi gani. Akasema hana. Ila mti upo, na mti unapimika, na mpimaji yupo.

"Mpimaji mwenyewe si ndiye binti wa upande wa pili?" mwenyekiti akashangaa. "Wewe unajitafutia nini?"

"Huyo alimnyang'anya meya miaka mia na hamsini mchana kweupe," mchomeleaji akajibu. "Akisema baba yangu alikuwa mwongo, basi alikuwa mwongo. Sitasema neno."

Mama Nusu angekataa. Kila mtu mwenye akili angekataa, na mkuu wa idara alimwambia hivyo mlangoni, kwamba mganga hajigangi. Lakini yeye aliitaka kazi ile. Tangu utoto alikuwa amesikia minong'ono kuhusu mpaka, na hii ilikuwa nafasi ya kuikata mara moja, kwa kekee, mbele ya watu. Hakwenda kutafuta ukweli. Alikwenda kuuchukua, kama mtu anavyokwenda kuchukua nguo yake kwa dobi.

Walikutana asubuhi pale mpakani, hatua chache kutoka kwenye mkondo wa maji. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Shikamoo mama mkubwa," mchomeleaji alimwamkia.

"Marahaba," mama alisema na sinia. Kisha, kwa binti yake, taratibu: "Mti wenyewe mzee. Kwa nini uuchokonoe?"

"Hauumii, mama. Tundu lenyewe dogo kama kidole."

Mvule ni mti mgumu. Kekee ya kazi ile ni bomba la chuma lenye meno mbele na mpini wa kuzungusha nyuma, na mtu huizungusha kwa mikono yake miwili mpaka ifike kwenye kiini. Mama Nusu alizungusha, akaloa jasho, akapumzika. Mchomeleaji akavua shati. "Lete, dada. Hii ni kazi ya watu wa vyuma." Akaegemeza kifua kwenye gome na kuzungusha, mishipa imemtoka shingoni, huku akiuliza maswali ya fundi: meno haya yananolewa na nani, chuma gani hiki, likivunjikia ndani unafanyaje. Alikuwa mcheshi. Alisimulia jinsi alivyochomelea geti la mteja mmoja na kujifungia ndani ya uwanja wa mteja huyo, mbwa wakiwa wamefunguliwa. Mama Nusu alicheka mpaka akashika kiuno. Hawakuwahi kukaa pamoja hata saa moja maishani mwao, na walikuwa na pua moja, ya babu.

Alipovuta ulitoka mchi mwembamba wa mti, urefu wa mkono, rangi ya asali. Mchomeleaji aliuangalia kwa heshima. "Kwa hiyo baba yangu yumo humu ndani," akasema, "au baba mkubwa."

"Mmoja wao," Mama Nusu akasema. Moyoni alimwonea huruma.

Ofisini aliubandika mchi ule kwenye ubao wenye mfereji, akausugua kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, akaulowesha kidogo ili pete zijitokeze, akaweka lenzi. Alihesabu kutoka kwenye gome kuelekea ndani, sindano ikiruka pete moja moja. Kiini kilipatikana, hapakuwa na uozo wala kipande kilichokosekana. Kazi safi. Pete themanini na mbili.

Akatabasamu. Miaka themanini na miwili. Babu alikuwa kijana, mti ni wa babu. Alikwisha kushika simu ampigie mama yake ndipo mkono ulipomshuka wenyewe, maana huo ulikuwa mkono wa Mama Nusu, na ulijua kinachofuata. Themanini na mbili gawa kwa mbili. Arobaini na moja. Babu alikuwa amekwisha kufa, na baba mdogo yuko migodini.

Alihesabu tena. Alizima taa ya lenzi akaiwasha. Alitafuta pete za uongo, zile ambazo mti hujiwekea ukiliwa majani na viwavi, akatamani zijae, hakuona hata moja. Mkuki kwa nguruwe. Na hapo, bila kuitwa, likamjia jambo ambalo alikuwa nalo maisha yake yote: alipokuwa darasa la kwanza alikuwa akiukumbatia ule mvule, vidole vyake vikikutana upande wa pili. Baba alikuwa akimwangalia kutoka kwenye cherehani, akicheka. Mti wa miaka hamsini, mtoto wa darasa la kwanza akaukumbatia vidole vikakutana! Angeletewa habari hiyo na mtu baki angemjibu kabla hajamaliza kusema. Miti ya watu wote aliipima kwa jicho tangu getini, huu wa kwao hakuwahi kuupima. Alikaa pale mezani akamchukia baba yake kwa mara ya kwanza, na chuki yenyewe ilikuwa ngeni kwake, hakujua aishike wapi.

Jioni alimkuta mama anaanua nguo. Alimsaidia kukunja shuka, kila mmoja upande wake, wakikaribiana na kuachana.

"Mama, ulipoolewa, mvule ulikuwepo?"

Mama alikunja shuka mpaka mwisho, akalilaza begani. "Maji ya kuumwagilia nilibeba mimi," akasema. "Kiangazi chote. Baba yako aliniambia utanyauka."

"Na kisiki?"

"Alikichimba. Kuni zake tulipikia mwaka mzima." Alisema hivyo kama anayetaja bei ya vitunguu. "Ulidhani nini? Mdogo wake alikwenda zake, hakuleta barua wala salamu. Tulijua kafa. Mimi nina mimba, tunalala chumba kimoja na cherehani. Baba yako akasema tusogee kidogo tu. Kisha mwenyewe akarudi. Wewe ungefanyaje? Ungebomoa?"

"Ningesema kweli."

"Utasema wewe, umekula umeshiba." Mama hakupandisha sauti. "Vile vipande vya vitambaa, unadhani alikuwa akirudisha kwa sababu gani? Hakuwa hivyo tulipooana. Alianza baada ya wazee kuondoka. Mpaka anakufa hakuweza kubaki na hata kitambaa cha kufutia vumbi cha mtu." Akachukua kapu la nguo. "Mvule ukiwa wa babu, mimi nakufia chumbani mwangu. Ukiwa wa baba yako, nahamia kwako, na majirani wananisindikiza kwa macho mpaka barabarani. Baba yako ameshakufa, hana aibu tena. Aibu yote iliyobaki ni ya kwangu. Hesabu unavyotaka, mwanangu."

Mama Nusu hakulala vizuri siku zile. Alijitungia hotuba ya kweli, nzuri, akaisema bafuni maji yakimwagika. Alipanga hata jinsi atakavyomchukua mama, chumba gani, kitanda gani. Mtu akikwambia kwamba aliyedanganya alikuwa ameamua tangu mwanzo, usimwamini. Wengi huingia mlangoni na kweli mkononi.

Chumba cha baraza kilikuwa na viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusukumwa na upepo wa dirishani, na watu wengi kuliko viti. Mama yake aliketi mbele, kanga safi, mikono magotini. Mchomeleaji alisimama ukutani amevaa shati la kuazima, mikono ya shati imemfikia katikati ya vidole.

"Umekuta pete ngapi?" mwenyekiti akauliza.

"Themanini na mbili."

Watu wakaguna. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. "Na kila mwaka mti huweka pete moja, tulisoma sote. Kwa hiyo miaka themanini na miwili. Au sivyo?"

Alikuwa ameipanga hotuba yake kwa mtu atakayembishia. Hakuipanga kwa mtu atakayemfungulia mlango. Alimwangalia mama yake, na mama hakumwangalia. Alikuwa akiikunja na kuikunjua pembe ya kanga, kidogo kidogo, kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

"Ndiyo," akasema.

"Samahani, mwenyekiti." Ilikuwa sauti ya mchomeleaji, ya adabu kabisa. "Mimi siyo msomi. Ila dada huko kazini wanamwita Mama Nusu. Nilitaka kujua hiyo nusu ni ya nini."

Watu walicheka. Mwenyekiti naye akacheka. Na mwanamke yule ambaye hakumpa meya hata mwaka mmoja wa bure aligeuka kumtazama kaka yake, akamfundisha, kwa sauti ileile ya kuwafundishia wanagenzi. Alisema nusu ni kwa miti ya mahali pakavu, inayokaukiwa mara mbili kwa mwaka. Huu wa kwetu, alisema, upo karibu na mkondo, mizizi yake haikosi maji, kiangazi kifupi hausikii. Kwa hiyo pete yake ni moja tu. Kila neno lilikuwa limekaa mahali pake. Misumari yake ya kando ya maji, miaka yote ile, ilikuwa imemwambia kinyume, na hakuna mtu mwingine chumbani mle aliyeijua.

"Nimeelewa," mchomeleaji akasema. "Ahsante, dada." Akainama kidogo, akarudi ukutani kwake.

Shauri lilifungwa. Majirani walimzunguka mama kumpa pole na hongera kwa pamoja. Mama alishukuru kila mmoja kwa jina lake. Binti alitaka kuondoka moja kwa moja kurudi kwake, lakini mchomeleaji alikuwa anamsubiri nje, karibu na pikipiki yake.

"Nipeleke kwa baba mkubwa," akasema.

Alijaribu kumkwepa. Alisema kuna kazi, kuna jua, siku nyingine. Hakukubali. Wakaenda wakapita jikoni, wakapita chumba cha mama, wakafika nyuma ya nyumba. Mchomeleaji alivua viatu akapiga magoti mbele ya kaburi, shati la watu likagusa udongo.

"Baba mkubwa," akasema, "mimi ni mtoto wa mdogo wako. Nimekutukana miaka mingi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiomba ufe. Leo nimesikia kwa masikio yangu. Unisamehe, na umsamehe na yeye kama mnaonana huko."

Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ametulia, kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake na hajui.

"Mwanangu wa kwanza nimempa jina la baba," akasema. "Kila usiku baba alikuwa akituapia kuhusu kile kisiki, dada. Mpaka siku anakata roho. Mama yangu aliuza kila kitu kwa sababu ya kumwamini. Nataka nikifika nyumbani niwaambie moja kwa moja, yaishe." Akamshika mkono. "Niambie wewe, uliyeuona mti kwa ndani. Baba yangu alikuwa mwongo?"

"Alisahau tu, kaka. Alikaa mbali miaka mingi."

"Hapana. Usinionee huruma. Nilisema mbele ya watu kwamba wewe ukitamka nitakubali. Nitamkie."

Kutoka jikoni zilisikika sauti za majirani na vikombe vya chai. Mkono wa mchomeleaji ulikuwa mgumu, wa moto, umejaa makovu ya cheche, na haukumwachia.

"Alikuwa mwongo," Mama Nusu akasema.

"Ahsante," kaka yake akajibu, akavaa viatu vyake, akaenda kuwaambia watoto.